Karatasi Niliyoichana Makambako

Karatasi ile niliichana kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya wateja waliokuja kutoa fotokopi za vitambulisho. Sikuibandua taratibu kwenye kona. Niliishika katikati nikaivuta, na vipande vikabaki ukutani pamoja na gundi. Mwenye duka akasema, "Fundi, hiyo ni mali yangu." Nikamjibu kwamba ni mali ya mjinga aliyeiandika. Ndivyo nilivyokuwa, na kwa sehemu kubwa bado niko hivyo, kwa hiyo anayesoma hapa akitafuta mtu aliyegeuka mpole asijisumbue. Siku hiyo sauti ya marehemu mama yangu ilikuwa bado ipo, ndani ya flashi ya baba, kijijini kwetu upande wa Kidugala.

Mimi ni fundi wa kompyuta Njombe mjini. Kibanda changu kimepakana na wauza mbao, vumbi la randa linaingia mpaka kwenye feni za mashine, na miezi ya baridi nafanya kazi nimevaa koti, jiko la mkaa likiwa chini ya meza. Kazi hii nilijifunza kwa kunyanyaswa. Fundi aliyenipokea alikuwa akifika kwenye hatua yenyewe, ile ya kuponya mashine, ananituma nikamletee maji ya kunywa. Nikirudi na jagi, mashine imepona na yeye anajifuta mikono. Nilichota maji miaka miwili. Niliyoyajua niliyaiba kwa kuchungulia mlangoni, na nilipoyajua nikajiapiza kwamba atakayetaka kujua kwangu naye akachote maji.

Ugonjwa uliotulisha mafundi wa huku kwa muda mrefu ni kirusi cha shotikati. Unachomeka flashi, vitu vyako huvioni. Mahali pake kuna vipicha vyenye kimshale kidogo pembeni, na ukivibofya ndiyo unakiamsha kirusi kihamie kwenye kompyuta, kisha kiingie kila flashi itakayochomekwa baadaye. Mwenye flashi anashika kichwa. Mwanafunzi wa chuo ripoti yake haipo, mchungaji mahubiri yake hayapo. Ukweli, ambao mafundi wote tuliujua na hakuna aliyeutamka, ni kwamba kirusi kile hakili kitu. Kinaficha tu. Vitu vyako vimo humo humo, vizima, vimeamriwa visionekane, na kuviamuru vionekane tena ni mstari mmoja wa maneno ambao unauandika kabla chai haijapoa.

Sisi tulisema, "Vimeliwa hivi. Acha flashi, pitia keshokutwa, nitajaribu." Mteja akigeuza mgongo tunavitoa dakika hiyo hiyo. Flashi inalala kwenye droo siku mbili ili mwenyewe aone kazi ilikuwa nzito. Msinikunjie uso. Mganga wa mizizi anakutajia mzizi? Mama lishe anakupa siri ya supu yake? Kila mtu ana lake alilolifunika, ila fundi kompyuta ndiye anayeonekana mwizi.

Basi akatokea mwalimu mmoja wa sekondari, kijana, sijawahi kumwona mpaka leo. Alikuwa akifundisha kompyuta shule moja ya nje ya Makambako. Akachukua karatasi ya manila na kalamu ya bluu, akaandika kila kitu kwa mwandiko wa ubaoni. Juu aliweka dalili za kirusi, chini yake kwa herufi kubwa USIFOMATI, VITU VYAKO VIMO, maana kufomati ni kuifuta flashi yote, kisha hatua za kuvirudisha, moja moja. Angeishia hapo pengine ningenung'unika tu. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Nusu ya chini alieleza kirusi chenyewe kilivyotengenezwa: kinavyojiamsha, kinavyojinakili, mpaka mistari yake akaiandika, eti watu waelewe adui wao. Akaipeleka steshenari moja karibu na stendi ya Makambako, wakaibandika ukutani. Muda si mrefu akahamishiwa Ludewa, kule karibu na Liganga kwenye mawe ya chuma, akaenda zake na karatasi akaiacha ikifanya kazi.

Mwenye steshenari alikuwa dada mmoja wa Tanga aliyemfuata mumewe dereva wa malori. Makambako imejaa watu wa namna hiyo, waliokuja kwa njia ya barabara wakabaki. Kiswahili chake kilininyoosha masikio, maana sisi wa huku Kiswahili tumekisomea darasani na nyumbani tunasema Kibena. Kompyuta hakuijua. Alichojua ni kuisoma ile karatasi. Ikija flashi yenye mishale anageuza shingo ukutani, anaandika herufi mbili tatu, anageuza tena, kama muumini mgeni anayeimba wimbo huku kidole kiko kitabuni. Lakini vitu vya watu vilikuwa vinatoka. Mimi nilijua kwa sababu flashi za Makambako zilikoma kuja Njombe, moja kwa moja, kama bomba lililofungwa.

Nikapanda basi nikaenda. Nilikuwa nimejipanga.

"Dada," nilimwambia baada ya salamu, "hii karatasi ni hatari. Huku chini mwalimu ameonyesha kutengeneza kirusi. Wanaosimama hapa kusubiri fotokopi ni wanafunzi. Unataka kuwafuga wahalifu?"

Na sikuwa naongea hewani. Kuna shule niliwahi kuitwa kusafisha mashine, mwanafunzi alikuwa ameokota maelezo kama yale mtandaoni, akabadilisha maneno mawili matatu, akatengeneza cha kwake. Cha kwake hakikuficha. Kilifuta. Mitihani yote ya majaribio waliyokuwa wameichapa walimu ilikwenda, na nilimwona mwalimu mzima, mwenye mvi, ameinama kwenye kibodi anafuta machozi kwa tai. Nilimsimulia dada yote hayo.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekuelewa," akasema. Akafungua droo, akanipa mkasi. "Kata nusu ya chini uende nayo. Nusu ya juu niachie, ndiyo inayonisaidia na wateja."

Nilikuwa nimeushika mkasi. Hapo ndipo mtu mwenye haki angekata, akaaga, akaondoka. Nikaurudisha mkasi mezani.

"Ukimwonyesha mtu kufuli linavyofunguka," nikasema, "umewaonyesha na wezi."

"Na mwenye nyumba aliyepoteza ufunguo je?"

"Amwite fundi."

"Na fundi yuko Njombe."

"Atasubiri."

Akanitazama kwa utulivu ule wa watu wa pwani unaokera kuliko matusi. "Kaka yangu, mtu mwenye kujua dawa akaificha mpaka ugonjwa ukomae, kwetu hatumwiti mganga."

Wateja wakacheka. Mmoja akaacha kabisa kupanga vitambulisho vyake ili asikilize. Nadhani kama wasingecheka nisingefanya nilichofanya, lakini sina hakika, na siwezi kuwatupia wao. Niliichana. Kisha nikatoa kwenye begi tangazo langu nililokuwa nimeliprinti kabla ya kuondoka Njombe, nikalibandika pale pale juu ya mabaki ya gundi: VIRUSI? USIHANGAIKE. PIGA SIMU KWA FUNDI. Namba yangu chini, kubwa.

Tangazo lilikuwa tayari kwenye begi. Wanaosema nilichana kwa hasira hawajui hilo, na mimi ndiye niliyewaacha wasijue.

Dada hakulibandua. Akasema tu, "Haya. Nikikupigia, upokee."

Sasa niseme habari ya mama. Krismasi ya mwisho ya uhai wake nilikwenda nyumbani nikamrekodi kwa simu, bila yeye kujua, maana akijua anaanza kusema Kiswahili cha kanisani. Nilipata vipande vitano. Katika kimoja anawaita kuku na kuwagombeza kwa Kibena, kila kuku na jina lake. Katika kingine anapukuchua mahindi na kuimba kwa sauti ya puani. Kuna kile anachomsema baba kwa sababu ya kuni mbichi, na baba anajibu neno moja tu kila baada ya dakika. Alipofariki nikaviweka kwenye flashi, ndani ya folda niliyoiita MAMA, nikampelekea baba pamoja na redio ndogo ya kuchomeka flashi. Kila asubuhi akishakamua ng'ombe baba alikuwa anaiweka redio dirishani, mama anawagombeza kuku, na majirani wanasema kuku wenyewe walizoea mpaka wakawa wanasogea. Nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya mkononi. Niliifuta kompyuta ile ili niiuze, nikaahidi moyoni kwamba nikienda kijijini nitanakili tena. Mimi, niliyewafokea wateja kila siku kuhusu kuweka nakala. Mganga hajigangi.

Kijijini flashi ni kama jembe, jirani akiomba unampa. Katibu wa usharika aliiazima ya baba akaiwekea ratiba ya ibada, akaenda kuichapisha mahali, akairudisha siku hiyo hiyo kwa shukrani nyingi. Asubuhi yake redio ikakaa kimya. Baba akaipiga piga, akaianika juani, akabadilisha betri. Hakunipigia. Baadaye alisema hakutaka kunisumbua, kwamba nikiwa kazini huwa najibu kama mtu aliyekanyagwa. Akapanda gari akaenda Makambako, maana ndiko karibu.

Siku hiyo nilikuwa nimefungua printa ya ofisi moja, mikono yote wino, na mwenye printa amesimama kichwani kwangu anaangalia saa. Simu ikaita. Nikaibana kwa bega.

"Fundi, ni mimi wa Makambako. Nina mzee hapa, flashi yake ina ile mishale. Karatasi si unajua sina. Nifanyeje?"

Nilifurahi. Niseme ukweli, nilifurahi sana, furaha ya mtu aliyeombwa na aliyemwaibisha.

"Hiyo imeshaliwa," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Fomati."

 Nilisikia mashine ya fotokopi ikivuta karatasi. "Una hakika? Mwalimu aliandika usifomati. Hilo nalikumbuka vizuri."

"Mwalimu yuko Ludewa, dada. Aliyepokea simu ni mimi. Fomati, umpe mzee flashi yake safi."

Nikakata. Hilo ndilo jibu nililowapa wote waliopiga simu wakitaka msaada wa bure: fomati. Wakishafomati na kulia, safari ijayo wanakuja wenyewe na flashi mkononi. Nikarudi kwenye printa.

Siku tatu baadaye baba akasimama mlangoni kwangu na mfuko wa maharage. "Kamwene," akasema, kwa salamu yetu ya Kibena. Nikaitikia, nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti karibu na jiko. Akatoa leso mfukoni, akaifungua kunjo baada ya kunjo, na ndani yake kulikuwa na ile flashi.

"Mama yako hasikiki," akasema. "Ilipatwa na wadudu wa kompyuta, nikaipeleka Makambako kwa mama mmoja Mwislamu pale karibu na stendi. Mama mwema sana yule. Alihangaika nayo, akampigia fundi wake, fundi akasema imeliwa yote, wafute. Basi akafuta. Nilipotaka kumlipa akakataa. Akasema mzee mzima hawezi kurudi nyumbani na flashi tupu. Akanitafutia nyimbo za kwaya, kwaya zetu za Kilutheri, yeye Mwislamu, akanijazia mpaka flashi ikasema haina nafasi. Lakini mimi nikasema, mwanangu ni fundi, huenda akampata mama yake chini ya hizo kwaya."

Nikaipokea ile flashi. Flashi iliyofomatiwa si mwisho wa dunia. Ni kama shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, ukirudi na jembe unaokota vya kutosha. Fundi yeyote anaweza. Ila sharti mtu asiwe amepanda kitu kingine juu yake, na yule dada, kwa wema wake na heshima yake kwa mzee, alikuwa amepanda mpaka kwenye mipaka.

Nikachomeka. Nikaanzisha programu ya kuchimba, nikaiacha itembee. Baba alikuwa anakula mhindi wa kuchoma na hakuondoa macho kwenye kioo. Baada ya muda mrefu majina yakaanza kurudi. Folda: MAMA. Ndani yake: mama na kuku. mama anapukuchua. mama na kuni. Baba anajua kusoma vizuri. Akauweka mhindi chini, akasema, "Ndiyo hizo!"

Nikabofya mama na kuku.

Ikaimba kwaya. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, kinanda nyuma. Nikabofya mama na kuni, ikatoa mkwaruzo, kisha kwaya. Majina yalikuwa ya mama, na ndani kulikuwa na watu wengine. Nilibofya vyote vitano. Baba alikuwa amesogeza sikio karibu na spika, ameshika kofia yake.

"Huyu si mama yako," akasema.

"Hapana, baba."

Akaivaa kofia. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Huyo fundi aliyempigia, wewe unamjua? Si mnajuana nyie mafundi."

"Simjui," nikasema.

Kesho yake nilikwenda Makambako. Sikujua nakwenda kufanya nini. Pengine nilitaka kumgombeza dada, na njiani nilikuwa nimeshaandaa maneno: nani alikutuma ujaze kwaya, wema usioombwa ni ujinga, na mengine. Tangazo langu lilikuwa bado ukutani, namba yangu kubwa. Nilipofika kaunta nikayasema yote, tena kwa sauti, na mwisho nikasema kwamba yule mzee wa flashi ni baba yangu mzazi na kilichokuwa mle ni sauti ya mama.

Dada akaweka mkono mdomoni. Macho yakamjaa. Akasema inna lillahi, akasema pole, akasema pole tena. Kisha akajipangusa kwa mtandio, na akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

"Lakini nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza mara mbili, fundi."

Nikageuka nikatazama tangazo langu ukutani. 

Akainama chini ya kaunta akatoa karatasi ya manila na kalamu nene, akaviweka mbele yangu.  Nikalibandua tangazo langu, nikaanza kuandika nikiwa nimesimama. Dalili. Vitu vyako vimo, usifomati. Hatua. Nusu ya chini, ile ya kutengeneza, sikuiandika, na kwa hilo sina majuto, hata leo ningeikuta ningeikata. Kumfundisha mtu kuzima moto si lazima umfundishe kuuwasha kwa jirani. Bado nagombana na mafundi wenzangu kwa hilo, na wale wa mtandaoni wanaoanika kila kirusi na matumbo yake wakijiita wapenda elimu bado siwapendi. Lakini nusu ya juu haikuwa hatari kwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nilipomaliza, dada akaisoma akifuata kwa kidole, kwa mwendo ule ule wake. Akafika katikati, akasimama, akarudi nyuma.

"Hapa umeruka," akasema. "Mwalimu alikuwa na hatua sita. Za kwako tano."

Nikatazama. Ule mstari wenyewe haukuwepo, ule wa kuviamuru vionekane. Naapa sikukusudia. Mkono ulifika pale ukapita wenyewe, kama yule fundi wangu wa zamani anayenituma maji. Nikauandika kwa herufi kubwa pembeni, na mshale, kwa aibu na hasira.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kijijini. Baba alikuwa uani, redio dirishani inaimba zile kwaya, kuku wanaparua mbali, hakuna hata mmoja aliyesogea. Nikamwamkia. Sikukaa.

"Baba, yule fundi namjua."

Akapunguza sauti ya redio. "Nani?"

"Ni mimi. Aliyepigiwa simu ni mimi. Sikujua ni wewe."

 Hakuuliza kwa nini, wala hakuuliza kuhusu uongo wa jana yake. Aliuliza jambo moja tu, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri.

"Ulipomwambia afute, ulikuwa hujui kwamba vitu vya mtu vinakuwa bado vimo, au ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua kwamba vinakuwa bado vimo."

"Basi ungekuwa hujui," akasema baba, "ningekusamehe hapa hapa."

Akaifikia redio dirishani, akaongeza sauti ya kwaya.